Mwaka wa tatu primeri: juu ya nini pointi zinashuka? Bazazi banauliza, Mwalimu anajibu

Buletini za trimestri ya kwanza zimetoka na barua zimekuwa mingi kuliko vile tulizoea, karibu zote zinazungukia kalasi moja tu, mwaka wa tatu. Tumechukua zenye zinaweza kusaidia na bengine. Majina tumeyaacha, tumebakisha kartie, na zingine tumezikata kidogo juu zilikuwa ndefu.

Mwalimu jambo. Mutoto wangu wa kiume mu mwaka wa pili alikuwa anapata 78%, alikuwa wa 3 ku kalasi, avenue muzima banamujua kama iko na akili. Sasa mu mwaka wa tatu amerudi na 54% na nafasi ya 19 ku batoto 62. Baba yake anasema ni uvivu, ni mupira na simu, amemukataza kutoka inje na juzi alimupiga. Miye nikimuuliza nini inamushinda analia tu. Shida iko wapi? — Mama wa Ndosho

Mama, nianze na ya fimbo juu haiwezi kungoja. Umwambie papa ya mutoto aache, tena aache leo. Mutoto wa miaka 8 mwenye pointi zake zimeshuka hivi hajui yeye mwenyewe nini imemupata, unamuuliza, analia, unafikiri anaficha kitu, kumbe hana jibu. Jana watu walimusifu, leo ni wa 19, na mu maisha yake hakuna kitu alibadilisha. Kalasi njo ilibadilika, na bazazi mingi hakuna mutu alibaeleza.

Iko hivi. Mwaka wa kwanza na wa pili, programu ya inchi inataka mutoto afundishwe mu luga yenye watu banaongea pale anaishi. Huku kwetu Goma, na Bukavu, na kule Lubumbashi, hiyo luga ni Kiswahili, Kinshasa ni Lingala, Kasai ni Tshiluba, upande wa Matadi ni Kikongo. Kifaransa kinakuwa mo lakini kama somo moja kati ya masomo ingine, mutoto anajifunza kusalimia, kutaja vitu vya mu kalasi, kuimba. Akifika mwaka wa tatu anaingia mu degre ya katikati, ya tatu na ya nne pamoja, na hapo Kifaransa kinaanza kuwa luga ya kufundishia. Hesabu ni ileile, sayansi ni ileile, lakini sasa maulizo yanakuja mu luga yenye mutoto hajaota nayo hata siku moja. Batoto benye banatoka mu masomo (shule) ya privé yenye inafundisha Kifaransa tangu maternele hawasikie sana hiyo shida, njo maana usimulinganishe wako na wa jirani.

Sasa fanya hivi mangaribi ya leo. Chukua karatasi uandike: «Maman a 900 francs. Elle achète 3 cahiers à 250 francs la pièce. Combien lui reste-t-il?» Umupe, umuache peke yake, usimusimamie kichwani. Kesho yake, bila karatasi, wakati munachagua maharagi, umuulize kwa Kiswahili: mama iko na franka 900, ananunua makaye 3, kila moja franka 250, anabakia na ngapi? Kama kwa Kiswahili anakujibu 150 na ku karatasi aliandika 1 153, basi umepata jibu lako. Batoto benye hawaelewi fraze mara mingi banafanya kitu kimoja, banachukua namba zote zenye banaona banazijumlisha, 900 na 3 na 250, inatoka 1 153. Huyo mutoto hesabu anaijua vizuri sana, alikwama ku «combien lui reste».

Akishindwa yote mbili, hapo ni hesabu yenyewe, na hiyo nayo inaeleweka juu mwaka wa tatu ni muzito. Mwaka wa pili namba zilikuwa zinafika 100, sasa zinaenda mupaka 1 000. Kuzidisha kwa kuandika, kugawanya kwa kuandika, tabeli inatakiwa itoke mu kichwa bila kuhesabu vidole, tena kuna vipimo, metre na sentimetre, litre, kilo, na zile problem za mistari mbili tatu. Upande wa Kifaransa mutoto anaombwa kutafuta verbe na sujet, konjigezo, dikte, kuandika fraze zake mwenyewe. Yote inakuja mu septemba pamoja, sawa mutu mwenye banamupakilia mizigo yote ya chukudu (ile trotineti ya mbao) ku kilima badala ya ku mutelemko.

Ya mupira, umuache acheze mama, mutoto mwenye anafungiwa mu nyumba hajifunzi kuzidisha kwa nguvu ya ukuta. Simu ni ingine, ile ya usiku muiondoe kabisa, mutoto alale. Na tena muangalie ile nafasi ya 19 kwa macho mazuri: mu batoto 62, wako iko na 43 nyuma yake. Mu mwaka wa tatu batoto mingi banashuka, si yeye peke yake, papa yake aende kuuliza mwalimu.

Kila siku nusu saa inatosha. Dakika kumi anasoma kwa sauti, dakika kumi tabeli, dakika kumi anakueleza kwa Kiswahili nini alifunza leo, na neno moja ao mbili za Kifaransa zenye zilimushinda munaziandika ku karatasi munabandika ku mulango. Usiongeze. Ukifanya saa mbili mutatoka wote munalia.

Mwalimu, miye nilisoma kidogo tu zamani. Kila trimestri ninasaini buletini ya binti yangu bila kuelewa. Naona kolone mingi, maksima, 1ère P, 2e P, EX, TOT, na zingine zimeandikwa na biki nyekundu. Watu banaangalia pursantaje chini na nafasi, wanafunga. Nisomeshe vile inasomwaka. — Papa wa Katindo

Papa, nakushukuru juu umeuliza, wengi banasaini hivyo mupaka mutoto anamaliza ya sita.

Mwaka wa primeri iko na trimestri 3. Kila trimestri iko na periodi 2 (ile P) na egzameni 1 (ile EX), kwa hiyo mwaka muzima ni periodi 6 na egzameni 3. Pointi za periodi zinatoka mu kazi za kila siku, enterogasio, devuari, kazi za kalasi. Egzameni inakuja mwisho wa trimestri na maksima yake ni mara mbili ya periodi moja. Tuseme branshi, yaani somo, ya maksima 10, yaani pointi za juu kabisa: periodi ya kwanza ku 10, ya pili ku 10, egzameni ku 20, trimestri inafanya 40 (ile TOT), mwaka inafanya 120. Branshi ingine maksima yake ni kubwa kuliko hiyo, kwa hiyo mbele ya kuangalia mutoto alipata ngapi, angalia kwanza ni ku ngapi. Nane ku kumi ni furaha, nane ku ishirini ni nyekundu. Nyekundu maana yake hakufikisha nusu.

Sasa utamu wa buletini uko mu kulinganisha hizo kolone tatu, papa, na hapa ningependa utulie. Mutoto wa kwanza alipata 7, na 6, na egzameni 8. Jumla ni 21 ku 40, amepita nusu. Lakini angalia, mu periodi alikuwa juu, ku egzameni ameanguka. Huyo anaelewa somo wakati iko moto, kisha inapotea, hana mazoea ya kurudilia, ao egzameni ilikuwa yote ya kuandika kwa Kifaransa na yeye alizoea kujibu kwa mudomo, ao aliogopa. Mutoto wa pili alipata 4, na 4, na egzameni 15. Jumla 23. Huyo kichwa kiko, kazi ya kila siku njo haiko, devuari hafanyi ao anakosa siku mingi. Watoto hao wawili pursantaje yao inakaribiana, lakini shida zao hazifanane hata kidogo, na ukibapiga wote ao ukibapongeza wote umepita kando.

Kisha uangalie mistari. Buletini ya degre ya katikati imegawanywa mu sehemu. Iko ya luga, Kiswahili na Kifaransa, kusoma, kuandika, gramere, konjigezo. Iko ya hesabu pamoja na sayansi na teknolojia, ndani yake utaona numerasio (kusoma na kuandika namba), operasio (kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya), vipimo, maumbo, problem. Iko ya maisha na mazingira, yaani adabu ya raia, afya, mazingira, jeografia na historia. Iko ya sanaa, kuchora na kuimba. Na iko ya kukuza mutoto mwenyewe, michezo, dini, kazi za mikono. Zote ni nzuri na zote ninazipenda, lakini zote zinaingia mu pursantaje moja. Mutoto anaweza kuleta 60% yenye imebebwa na dini na kuimba na michezo, kumbe kusoma iko nyekundu toka juu mupaka chini, na mu nyumba wanapika kuku. Ingine yuko na 52% yenye kusoma na problem ziko imara, ameshushwa na kuchora. Kama ni mutoto wangu nachagua huyo wa 52.

Kwa hiyo weka kidole ku mistari tatu mbele ya kuangalia chini: kusoma, operasio, problem. Hizo tatu njo zitamubeba mu ya nne na ya tano na mupaka ule mutihani wa inchi wa mwisho wa ya sita, TENAFEP ao ENAFEP vile bengine banaita.

Aplikasio na kondwite ziko chini peke yake, hazingie mu jumla. Aplikasio inasema anajikaza ao hajikaze, kondwite ni tabia. Ukikuta pointi ndogo na aplikasio nzuri, jua mwalimu anakuambia kimya kwamba mutoto anajaribu, musaidie.

Shikamoo mwalimu. Miye ni koko, nalea bajukuu wawili, mama yao anafanya biashara Butembo. Mudogo iko mwaka wa tatu. Miye sikusoma, Kifaransa sijui hata kimoja. Jirani aliniambia niache kumuongelesha Kiswahili na Kinande juu njo zinaharibu Kifaransa yake. Sasa nitaongea naye nini? — Koko wa Birere

Marahaba koko, na heshima zangu. Ongea naye Kiswahili, ongea naye Kinande, umutolee hadisi zote zenye unajua. Mutoto mwenye iko na maneno mingi mu luga ya nyumbani anapata pa kutundika yale ya Kifaransa, na mwenye alishajua kusoma vizuri kwa Kiswahili hahitaji kujifunza kusoma mara ya pili, anabakia kujifunza luga tu. Jirani anataka mema lakini kwa hii hapana.

Na usiseme hauwezi kumusaidia. Macho yako yanatosha kwa vitu viwili. Fungua kaye kila jioni, uangalie nyekundu ya mwalimu ni mingi ao kidogo, na uangalie kama iko kurasa ya leo. Kama siku tatu hakuna kitu kimeandikwa, umuulize alikuwa wapi ao mwalimu alikuwa wapi. Kisha akusomee kwa sauti mbele ya giza kuingia juu umeme tunaujua, hata kama ni Kifaransa na hauelewi, masikio yako yatasikia pale anatembea na pale anakwama. Pale anakwama, mwambie «rudilia». Hiyo ni kazi ya mwalimu koko, na unaiweza.

Hesabu nayo iko imejaa mu nyumba yako. Bidon ya maji ya litre 20 inajaza vibidon vya litre 5 mara ngapi? Nne. Inajaza chupa za nusu litre ngapi? Hapo atafikiri kidogo, ni 40. Ukimutuma kununua sambaza (samaki badogo) za franka 600 na noti ya 1 000, asikimbie, kwanza akuambie changi itakuwa ngapi, kisha aende. Makala ukiuza kwa vifungu, yeye njo ahesabu vifungu na akuandikie jumla. Programu ya mwaka wa tatu inaomba kitu hicho kabisa, litre, kilo, feza, kutoa na kuzidisha mupaka 1 000, na wewe unavifanya kila siku tangu zamani.

Mwenzangu, miye ni mwalimu, niko na batoto 87 mu kalasi moja ya tatu, banakaa bane ku banc ya wawili. Toka masomo ikuwe bure namba haishuki. Banataka nitoe pointi za kila periodi, lakini kusahihisha makaye 87 kila siku siwezi. Na nikieleza hesabu kwa Kiswahili direktere ananikemea, anasema ya tatu ni Kifaransa tu. — Mwalimu wa Kadutu, Bukavu

Mwenzangu, nakuelewa mupaka ndani. Masomo ya bure yenye ilianza septemba 2019 ilikuwa haki ya batoto, Katiba ya 2006 iliisema zamani mu artikle yake ya 43, lakini makalasi na balimu havikuongezeka kwa mwendo uleule, na uzito ulikuja kukaa ku mabega yetu.

Kwa kusahihisha, usijaribu makaye yote kila siku, utachoka na utaanza kuweka alama bila kusoma. Chukua makaye 10 ao 12 kwa siku kwa zamu, batoto bajue zamu yao haijulikane. Kwa operasio tumia ardwaze, ule ubao mudogo wa mukononi: unasema hesabu, banaandika, banainua zote pamoja, mu dakika moja umeona kalasi nzima nani ameelewa, na unaandika tu majina ya benye walikosa. Kusoma kwa sauti chukua batoto 8 kila siku, mu siku 11 za masomo umebasikia wote 87, na hiyo unaweka ku listi yako, itakusaidia kuliko enterogasio tatu za kuandika. Enterogasio yenyewe iwe ya maulizo 5, mafupi, yenye jibu moja.

Nakuomba kitu kimoja kwa nguvu: usitoe pointi za hesabu juu mutoto aliongea ao alichelewa ao hakuleta kitu chenye masomo iliomba. Makosa ya tabia yaende mu kondwite. Ukiyaingiza mu hesabu, 4 ku 10 haimaanishi tena kitu, muzazi atafikiri mutoto hajui kugawanya kumbe alicheka wakati wa sala.

Ya Kiswahili, umukaribie direktere na heshima, peke yenu, umukumbushe kwamba ile sheria ya 11 febwari 2014 yenye inapanga masomo ya inchi inakubali luga zetu za taifa kuwa luga za kufundishia pamoja na Kifaransa. Hakuna mutu anakuomba ukatae Kifaransa. Unaeleza wazo kwa Kiswahili mupaka lieleweke, kisha unatoa fraze ya Kifaransa yenye wataikuta ku egzameni, banairudilia wote, banaiandika. Ukianza na Kifaransa tu, batoto 87 banaitika «oui monsieur» na hakuna mwenye anaelewa.

Masomo ya mutoto wangu, ni ya serikali, ilikataa kunipa buletini juu sijalipa feza fulani ya «construction». Ni haki? — Papa wa Mabanga

Kama ni masomo ya serikali, hapana. Primeri ya serikali ni bure na buletini ni ya mutoto. Lakini usiende na kelele, mutoto atabaki kule kisha wewe umetoka. Enda kwanza ku komite ya bazazi, ile COPA, uulize kama hiyo feza ilipitishwa mu mukutano na kama bengine nao wamezuiliwa, muende wengi kwa direktere. Asipokubali muandike ku sudivisio, ile ofisi ya elimu, na mubakishe kopi. Kama ni privé, ni makubaliano yenu mwenyewe, uombe kulipa polepole.

Dada yangu anarudi Goma na mutoto mwenye alikuwa anasoma P3 kule Gisenyi. Kifaransa hana. Tumuweke mwaka gani? — Yaya wa Majengo

Yaya, kule Rwanda Kiingereza ni luga ya kufundishia toka mwaka wa kwanza, kwa hiyo mutoto hesabu atakuwa nayo na kusoma atajua, Kifaransa njo kitakosa. Miaka yake ikiwa 8 ao 9 aingie ya tatu, asirudishwe ya kwanza pamoja na badogo, atachoka na atasikia haya. Muombe masomo imupe mutihani wa hesabu kwa mudomo, kwa Kiswahili, juu batoto ba Gisenyi wengi banakisikia. Mupeleke na buletini zake zote za kule. Na trimestri moja musimuhesabie nafasi, hata akiwa wa mwisho.

Mwalimu, binti yangu wa miaka 9 alipata 45% mu trimestri ya kwanza ya mwaka wa tatu. Shangazi yake anashauri tumurudishe ya pili sasa hivi januari, asipoteze mwaka. Wewe unaonaje? — Mama wa Himbi

Mama, kwanza tuhesabu, juu watu banasema «ameanguka» wakati mwaka bado. Tuseme trimestri moja iko na pointi 400 kwa jumla. 45% ni pointi 180. Mwaka muzima ni 1 200, na nusu yake ni 600. Anabakia kutafuta 420 mu trimestri mbili zenye ziko na 800, yaani 52,5%. Akipata 210 mu ya pili na 225 mu ya tatu, jumla inakuwa 615 ku 1 200, ni 51,25%, amepita. Si mulima wa kushinda mutoto mwenye anasaidiwa.

Lakini kupita peke yake hainitoshi, na sitaki ikutoshe. Swali lenye ninataka uulize mbele ya kuamua kitu chochote ni hili: anasoma? Chukua kitabu cha Kiswahili, hata Biblia, hata karatasi ya matangazo, umupe mistari mitano yenye hajawahi kuona. Asome, kisha afunge, akuambie nini imeandikwa.

Kama anasoma na anaeleza, asirudi ya pili. Hana kitu cha kutafuta kule, ya pili inafundisha kile anajua tayari, shida yake ni Kifaransa na Kifaransa kiko huku mu ya tatu. Kumurudisha ni kumutoa ku wenzake na kumuambia yeye ni mujinga, na kisha septemba atakuta mulango uleule umefungwa vilevile.

Kama hasomi, anakisia neno kwa kuangalia herufi ya kwanza, ao anasoma silabe moja moja na mwisho wa fraze amesahau mwanzo, hapo hata pointi 80% za kuimba hazitamusaidia. Lakini na hapo sina haraka ya kumurudisha. Tafuta kitabu cha kusoma cha mwaka wa pili, kwa jirani ama ku Birere kwa benye banauza vya zamani, na muanze naye nyumbani kila siku toka sasa mupaka Pasaka, dakika kumi na tano, asubui kama anaamuka mapema juu kichwa kinakuwa chepesi. Akibadilika, anaendelea. Asipobadilika kabisa, trimestri ya tatu mukae na mwalimu muongee ya kurudilia mwaka, na mukirudilia iwe na mupango mwingine, mwalimu mwingine kama inawezekana, nafasi ya mbele, mutu wa kumusomesha, juu kurudilia mwaka uleule kwa namna ileile inatoa pointi zilezile.

Na kuna kitu bazazi banasahau, tena masomo nayo inasahau: macho na masikio. Umuulize anakaa banc ya ngapi. Usimame naye mbali na ukuta wenye uliandika herufi kubwa, asome. Umuite kwa sauti ndogo nyuma ya mugongo wake, uone kama anageuka. Batoto wengine banaandika makosa ku kaye juu ubao hawauone, dikte banakosa juu neno hawalisikie vizuri, na mwaka muzima watu banasema ni uzembe. Ukiwa na mashaka umupeleke ku santre de sante mbele ya kumupeleka ku kalasi ya chini.

Mwalimu wake umuone mu juma ya kwanza ya januari, usingojee siku ya proklamasio, ya kutangaza pointi. Enda na buletini mukononi, umuonyeshe ile mistari yenye iko nyekundu, umuombe amukalishe ku banc ya mbele na akuambie ni somo gani atarudilia mbele ya egzameni ya Pasaka, umuandikie na namba yako ya simu ku kaye ya mutoto.